Babu yangu alivyomsahihisha Mjerumani kwenye mtihani wa imla, Morogoro

Wakuu, habari za leo. Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo zangu marahaba nimeshaitikia kabla hamjaniamkia.

Mimi humu ni msomaji tu, kuanzisha uzi si kawaida yangu. Ila juzi kuna mzazi aliuliza afanyeje na binti yake wa kidato cha nne. Binti Kiswahili anakijua, anaongea kama mtangazaji, lakini kila mtihani anapoteza maksi kwenye vitu vidogo vidogo. Nukta. Mkato. Herufi kubwa. Neno moja analikata mara mbili.

Watu wakamjibu kwa utani, wengine wakamwambia amtafutie tuition.

Nimesahihisha mitihani ya Kiswahili miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu nikalala zangu. Shida ni kwamba jibu lenyewe sikulipata chuoni. Nililipata kwa babu yangu mzaa mama, aliyenilea kule Kinole, na yeye alilipata enzi za Mjerumani. Alilipata kwa shida.

Sitatia chumvi. Nisipojua kitu nitasema sijui. Babu alinisimulia habari hii tangu nikiwa mdogo mpaka nimekuwa mwalimu, na haikuwahi kubadilika. Nilishamtega mara kadhaa nione kama atachanganya, nikashindwa mimi.

Twende sasa.

Babu aliitwa Sefu. Alizaliwa Kinole, upande ule wa Uluguru unaotazama mashariki, kwenye migomba na miteremko ambayo ukidondosha nanasi unalikuta kwa jirani. Chuo cha Kurani alikimaliza mapema, na kama vijana wengi wa wakati ule aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizi tunazotumia leo, wao waliziita za kizungu. Hakuzijua hata moja.

Sasa kwetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake babu alikuwa mkubwa wa ukoo, na Mjerumani alipoingia akamfanya jumbe, yaani ndiye wa kupokea amri za boma la Morogoro na kuzipeleka kwa watu.

Mojawapo ya amri ilikuwa kutoa watu wa kazi ya barabara. Si kuomba. Kutoa.

Mwaka mmoja amri ikaja wakati kijiji kimelala na homa. Nyumba nzima nzima, watu hawainuki. Mjomba hakujua kuandika, akamshika karani mmoja aliyekuwa anapita na safari zake, akamwambia amwandikie boma. Alichosema mjomba ni hiki:

"Hawakuja. Wamekataa? Hapana. Wanaumwa."

Karani yule akaandika maneno yote, hakuacha hata moja. Ila hakuweka alama yoyote. Barua ikafika bomani ikiwa hivi:

hawakuja wamekataa hapana wanaumwa

Wakuu, isomeni tena taratibu. Msomaji wa bomani aliisoma alivyoona yeye: hawakuja, wamekataa, hapana wanaumwa. Na kwa Kiswahili kile cha boma, "hapana wanaumwa" maana yake hawaumwi.

Mjomba akafuatwa na askari. Akawekwa ndani siku tisa, na akachapwa ile waliyokuwa wakiiita hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, mbele ya watu, mtu mzima mwenye wajukuu.

Babu na mama yake ndio waliokuwa wakishuka kumpelekea chakula. Ni safari ya kutwa kwa mguu, mnapanda mgongo wa mlima halafu mnateremkia Bigwa mpaka mjini. Alipotoka, kaletwa kwa machela maana hakuweza kukaa wala kutembea sawasawa. Baadaye askari walipanda Kinole wakakuta kweli watu wako kitandani. Aliyekuja kumpa pole hakuna.

Babu alisema mjomba alilala kifudifudi siku nyingi. Halafu asubuhi moja akamwita, akamwambia, "Sefu, kajifunze hizo herufi zao. Sitaki tena mtu nisiyemjua aniandikie maneno yangu."

Ndiyo mwanzo wa mambo yote.

Mjini kulikuwa na shule ya serikali, na mwalimu wake alikuwa mtu wa Tanga, Mwalimu Athumani. Mwembamba, kanzu safi, mkali wa maneno. Babu alimwendea na mkungu wa ndizi kichwani, akamsalimu, akaeleza shida yake. Mwalimu akamwangalia miguu iliyojaa udongo, akamuuliza atakuja mara ngapi. Babu akasema kila wiki. Mwalimu akamwambia wenye kusema hivyo ni wengi.

Alikwenda kila wiki kwa mwaka na zaidi. Mvua, tope, hakuacha. Na hakuwa na karatasi huko nyumbani. Alikuwa anaandika kwa mwiba kwenye jani la mgomba. Ukikwaruza unaona kama hakuna kitu, ukisubiri kidogo herufi zinatokea nyeusi. Mimi mwenyewe alinifundisha hivyohivyo, na wajukuu zangu wakija likizo nawaonyesha, wanaacha simu kabisa.

Sasa wale mnaotaka jibu la mtihani, hapa tulieni.

Mwalimu Athumani alikuwa na tabia moja. Kila babu alipomletea maandishi hakumwambia "umekosea hapa, sahihisha". Alikuwa anakusanya. Baada ya miezi kadhaa akamwambia kwamba makosa yake yote, ukiyachambua, ni matatu tu yanayojirudia. La kwanza, anakata maneno: anaandika "nina kwenda", "hawaja fika", kama watu wanavyoandika leo kwenye simu. La pili, l na r. Sisi wa milimani hizi mbili zinatuchezea sana, mtu anaandika "karamu" kumbe alitaka kalamu. La tatu ni alama. Babu alitoka kwenye herufi za Kiarabu ambako barua za Kiswahili zilikuwa zinakwenda moja kwa moja bila nukta wala mkato, msomaji anajikatia mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa anasahau kabisa kwamba sentensi inatakiwa kufungwa.

Mwalimu akamwambia, "Makosa ya wenzako waachie wenyewe. Wewe una haya matatu. Yajue kama unavyowajua ndugu zako."

Mambo mengine kama herufi kubwa babu hakukosea hata siku moja, kwa hiyo Mwalimu hakumpotezea muda nayo. Nimeona walimu wengi, na mimi nikiwemo miaka yangu ya mwanzo, tunamfundisha mtoto orodha ya makosa thelathini wakati yake ni mawili.

Niendelee.

Ikatangazwa kwamba boma linatafuta makarani, na kutakuwa na mtihani. Imla. Mjerumani anasoma, nyinyi mnaandika, wote maneno yaleyale, anayekosea kidogo ndiye anachukuliwa. Mwalimu Athumani akamwambia babu ajaribu, lakini akamwonya pia: siku ile yeye atakuwepo kama msaidizi, na hatamjua. Asimsalimu kama mtu wake. Babu akaelewa.

Walifika watu kumi na kitu. Karibu wote ni vijana wa pwani waliokuja na treni, kanzu zimenyooka, kofia za mkono, Kiswahili kinatoka kama maji. Babu kafika na miguu yake, kalala kwa jamaa pale Bigwa. Mmoja akamuuliza anatoka wapi. Alipojibu, wakaisikia lafudhi ya mlimani, wakaangaliana. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi hata wauza ndizi wanataka kalamu.

Babu alisema hilo halikumuuma, kwa sababu kweli alishuka na ndizi. Alimletea yule jamaa wa Bigwa.

Kilichomuogopesha ni wino. Alishazoea mwiba. Kalamu ya kuchovya ilikuwa inadondosha, na kwenye mstari wa kwanza tu akamwaga tone kubwa kama mbegu ya papai.

Mjerumani akaanza kusoma. Alikuwa mtu mrefu, anajua Kiswahili cha kutosha, ila ulimi wake ulikuwa na mambo yake. W alikuwa anaitamka kama v, watu wanakuwa "vatu". Na s ikianza neno inageuka z. Siku, "ziku". Saa, "zaa". Vijana wa pwani walikuwa wameshawazoea Wajerumani, hayo waliyapita bila shida, na babu naye akayapita.

Katikati ikaja sentensi hii. Mjerumani akaisoma mara mbili, kama alivyosoma zote:

Tulipofika mjini tulipumzika zote.

Babu akaandika mpaka "tulipumzika" akasimama. Zote ni nini? Barua zote, nyumba zote, sawa. Lakini hapa waliopumzika ni sisi. Akawaza, huyu ni ulimi wake tu, ametaka kusema sote. Akaandika sote. Akaweka nukta.

Walipomaliza, wakapewa muda kidogo wa kupitia. Wale wengine waliangalia mara moja wakaweka kalamu chini. Babu alisoma karatasi yake mara tatu. Mara ya kwanza alitafuta maneno yaliyokatwa tu, hakuangalia kitu kingine. Akayakuta mawili. Mara ya pili, l na r tu. Mara ya tatu, alama tu, na hii ya tatu aliisoma kwa midomo, bila sauti, pumzi inapokata anaangalia kama pana mkato au nukta. Wakamcheka tena, wakidhani anajisomea dua.

Wakatolewa nje barazani wasubiri. Mjerumani na Mwalimu Athumani wakabaki mezani wanasahihisha.

Jua lilipopinda wakaitwa ndani wote. Mjerumani akaita jina la babu peke yake, akamwambia asogee. Karatasi yake iko mezani, na pembeni iko karatasi ya Mjerumani mwenyewe, ile aliyokuwa anasoma. Babu akatupa jicho. Kwenye karatasi ile imeandikwa "zote". Kwa wino, wazi kabisa.

Kumbe haukuwa ulimi. Alikuwa ameandika mwenyewe hivyo, akiamini ndivyo.

Mjerumani akamuuliza, "Mimi nimesema zote. Wote wameandika zote. Kwa nini wewe umeandika sote?"

Wakuu, jiwekeni hapo. Huyo aliyekaa ni mtu wa boma lilelile. Mjomba wako umemuona mgongo wake kwa macho yako, kwa sababu ya barua. Na ungeweza kusema tu, "Nimekosea, Bwana," mambo yakaisha, ukahesabiwa kosa moja.

Babu alisema kilichomjia ni kwamba akikubali hapa, atakuja kuwa karani wa kuandika asichokijua. Akajibu polepole, macho chini kama ilivyotakiwa:

"Bwana, barua ni zote. Sisi ni sote. Hapa waliopumzika ni sisi."

Mjerumani akamgeukia Mwalimu Athumani, akamuuliza kama ni kweli.

Sasa huyo Mwalimu naye alikuwa na wake na watoto, na kazi aliyopewa na haohao. Na karatasi ile, kama msaidizi, alikuwa ameiona tangu asubuhi akanyamaza. Babu alisema alimuona anakunja ukingo wa mkono wa kanzu, anaukunja, anaukunjua. Halafu akasema:

"Kijana amesema kweli, Bwana. Karatasi imekosea."

Oneni heshima hapo. Hakusema wewe umekosea. Karatasi ndiyo iliyokosea.

Mjerumani akaiangalia karatasi yake muda mrefu. Halafu akachovya kalamu, akafuta ile z, akaandika s juu yake. Akasema sentensi ile isihesabiwe kwa wale wengine, maana waliandika walichosomewa.

Babu alikuwa ameshaanza kujiona mfalme. Ndipo Mjerumani akageuza karatasi ya babu upande wa pili, akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. Ilitakiwa iwe: Kila mtu arudi mahali pake pa kazi.

Babu alikuwa ameandika "mahari".

Mwalimu Athumani alijizuia, akashindwa, akacheka. Mjerumani akataka kujua kuna nini, akaelezwa kwamba mahari ni ile inayopelekwa kwa wazazi wa msichana, na kwamba kwa mujibu wa kijana huyu kila mtu anatakiwa arudi kwa mahari. Mjerumani naye akacheka. Wale wa pwani wakacheka mpaka wakashikana mabega, na babu akacheka pamoja nao kwa sababu afanye nini.

Aliniambia sababu ya kosa lile anaijua vizuri. Wakati anatafuta l na r, alipokaribia sentensi ya mwisho moyo ulishatulia, akaipitia kwa jicho tu bila kuisoma. Nami katika miaka yangu ya kusahihisha nimeliona hilo mara nyingi sana. Mtoto anapigana vizuri ukurasa mzima, anaangukia mstari wa mwisho.

Walichukuliwa watatu. Wa kwanza kijana wa Bagamoyo, ambaye kwa haki hakuwa na kosa lolote lililohesabiwa. Wa pili babu yangu, Sefu wa Kinole, kosa moja.

Akapanda mlima na habari hiyo. Mjomba wake akaita ukoo, wakakaa, babu akasimulia kuanzia wino mpaka mwisho. Watu wakauliza hili na lile. Mjomba hakuuliza kitu. Walipotulia wote akasema:

"Rudia hapo alipofuta."

Babu akarudia. Mjomba akamwambia arudie tena. Babu alisema alirudia mara nne siku ile, na kila mara mzee yule alikuwa anaangalia mbele tu, mikono juu ya magoti. Baada ya hapo akasimama, akaenda naye mpaka kwenye kipande cha shamba la ukoo kilicho karibu na maji, akamwambia, "Hiki ni chako." Kipande hicho ninakilima mimi sasa, kwa ruhusa ya ukoo wake.

Babu alifanya kazi bomani mpaka vita ilipowaondoa Wajerumani. Waingereza walipoingia walitaka watu wa Kiingereza, yeye hakuwa nacho, akarudi Kinole. Hakulalamika. Akawa anafundisha watu kuandika pale nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Mama yangu alijua kusoma na kuandika kabla hajauona mlango wa shule. Kuna ukoo mzima kule ambao mpaka leo hawaandiki "nina kwenda", na hawajui kwa nini.

Mimi nilipokuwa darasa la sita nilirudi na mtihani umejaa wino mwekundu, nikaficha. Babu akaupata. Hakunichapa. Alikaa na mimi kwenye jamvi, tukayahesabu makosa, yakawa kumi na nane, halafu akanionyesha kwamba kumi na mbili kati ya hayo ni kosa moja tu. Nilikuwa nasahau h. Naandika "ana kosa" nikimaanisha hana kosa. Akaniambia nifikirie hakimu akiisoma hiyo. Sijaisahau h tangu siku ile, na hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Kwa hiyo yule mzazi, jibu lako hili hapa. Chukua mitihani mitatu au minne ya zamani ya binti yako, kaa naye, msimnunulie kitabu kingine kwanza. Tafuteni yanayojirudia. Yatakuwa mawili, matatu, hayazidi manne. Ayaandike mahali anapoyaona kila siku. Kwenye mtihani aache dakika chache mwishoni, apitie kazi yake mara moja kwa kila kosa, akitafuta hilo tu. Alama azipitie kwa midomo. Mstari wa mwisho ausome kama wa kwanza. Na akiona neno halikai sawa, aamini sarufi anayoijua kuliko sikio lake.

Mengine mtaongeza wenyewe, walimu humu mpo wengi, na nikikosea sehemu nisahihishwe, kwetu hilo si tusi.

Ninachoomba ni kimoja. Kila atakayepita hapa aache kosa lake moja, lile ambalo mwalimu wake alichoka kulizungushia duara. La kwangu nimeshasema, ni h. La babu ni mahari.

Karibuni na yenu.